Mnoa Visu Apanda Mlima

"Baiskeli ni kitu kinachomtoa mtu hapa kikamfikisha pale," Jenereta alikuwa akisema, viwiko vyake vyote viwili juu ya ukuta uliotenganisha nyua zao. "Wewe shemeji umepiga pedali miaka kumi na tisa na hujafika hata dukani. Leo ndiyo ufike juu ya mlima?"

"Toa viwiko kwenye ukuta wangu," Mama Cheche akamjibu bila kuinua kichwa. Alikuwa amechuchumaa kando ya baiskeli yake akijaza upepo gurudumu la nyuma, na pampu ilihema kuliko yeye.

"Ukuta wetu. Nusu ya matofali haya tulibeba mimi na marehemu kaka."

"Basi egemea nusu yako."

Watu wakacheka. Na watu walikuwepo, maana mtaa ule haujawahi kuuacha ugomvi ujiendee peke yake kama yatima. Mwenye sufuria jikoni alikuwa ameipunguzia moto, mwenye mtoto mgongoni alikuja naye, na Mama Duka alikuwa amefunga mlango mmoja wa duka lake na kuacha mmoja wazi. Wa wazi ni wa wateja, alisema, na uliofungwa ni wa umbea.

Kisa chenyewe kilikuwa na umri wa nusu saa tu. Dereva wa mikate, ambaye kila jioni ndiye wa mwisho kushuka mlimani, alikuwa amesimamisha gari pale pembeni akatoa kichwa dirishani. Habari aliyokuwa nayo angeweza kumnong'oneza mtu mmoja, lakini yule si mtu wa kunong'ona. Akaitangaza mtaa mzima. Chuo cha walimu kule juu kesho kina wageni mia mbili. Mnoa visu wao wa siku zote amehamia kwa mwanawe, mbali. Visu vya jikoni havikati hata nyanya iliyoiva. Na mpishi mkuu amesema hivi: atakayemkuta mlangoni akifungua jiko saa kumi na moja alfajiri, huyo ndiye atakayenoa, na huyo ndiye atakuwa mnoa visu wa chuo kila mwezi. Hataki barua, hataki kujuana. Anataka mtu mlangoni.

Sasa, tangu mvua ziporomoshe ukingo, barabara ya mlimani ilikuwa inafungwa kwa magari kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi. Kwa hiyo Jenereta alipiga hesabu yake mbele ya watu, kwa vidole. Saa kumi na moja hakuna kiumbe atakayekuwa mlangoni. Mpishi atafungua, atakuta upepo. Kizuizi kitainuliwa saa kumi na mbili, na gari la kwanza kwenye foleni litakuwa pikapu ya nani? Ya mtu mmoja hivi, jina lake halitajwi.

"Limeshatajwa mara nne," alisema Mama Duka.

Jenereta alikuwa mdogo wa marehemu mume wa Mama Cheche, na jina hilo alilipata kwa sababu ya mdomo, miaka mingi kabla hajanunua jenereta yenyewe. Mwaka jana ndipo aliponunua pikapu, akafunga nyuma mashine ya umeme ya kunolea, akaanza kuzunguka mitaani. Mashine ilikuwa na haraka. Kisu kinaingia, kinapiga yowe, kinatoka. Kwamba kilitoka kimepungua upana wa ukucha, hilo watu waliligundua baadaye, lakini mtu mwenye haraka hapimi kisu. Mmoja mmoja, wateja wa Mama Cheche wakahamia upande wa kelele. Waliobaki walikuwa wazee, na mafundi viatu wawili wanaojua makali ni nini.

Wiki iliyopita Jenereta alikuja na sura ya huruma. Auze baiskeli kwa wa vyuma chakavu, alimwambia, aje wafanye kazi pamoja. "Utakaa mbele, shemeji. Utakuwa unashika ndoo ya maji ya kupozea. Kazi nyepesi, kazi ya kukaa."

Neno hilo la ndoo lilimkwama kooni kama mfupa wa samaki. Hakulimeza, hakulitema. Alijua vizuri kwamba bila kazi mpya hatamaliza mwezi, na akishindwa mwezi huu, mwezi ujao atakuwa ndani ya pikapu ile, ndoo mapajani, anapigiwa honi kila kona na mdomo ule.

Ndiyo maana jioni ile hakuwa anajaza upepo kwa utani.

"Magari ndiyo yamekatazwa," alisema, akasimama, akajipangusa mikono kwenye kanga. "Baiskeli haijakatazwa."

"Hiyo si baiskeli. Hicho ni kiwanda."

Hapo hakukosea sana. Ilikuwa baiskeli ya chuma ya zamani, ya gia moja, na marehemu alikuwa ameigeuza mwenyewe. Ukiitega kwenye stendi yake, gurudumu la nyuma linaning'inia hewani. Ukikaa kwenye tandiko ukapiga pedali, mkanda wa ngozi unatoka kwenye gurudumu hilo, upande wa kulia, unapanda hadi kwenye jiwe la kunolea lililofungwa mbele ya magoti yako. Jiwe linazunguka, unaliwekea kisu, cheche zinaruka. Kwa cheche hizo ndiyo mtaa ukampa jina, likamla lile la kwanza hata mama mkwe wake akalisahau. Na jiwe pekee lilikuwa na uzito wa mtoto wa miaka mitatu aliyeshiba.

"Kilomita ishirini na mbili," Jenereta akaendelea. "Kona thelathini na moja. Usiku. Mwanamke wa miaka hamsini na nne. Na jiwe. Shemeji, mimi nikikuzika nitawaambia nini watu?"

"Waambie nilikuwa mbele yako."

Mtaa ukapiga vigelegele. Jenereta akafungua mdomo, lakini kabla haujawaka vizuri, sauti ilitoka mlangoni kwa Mama Cheche, alipokaa bibi kizee mmoja kwenye kiti cha plastiki, chupa ya chai mapajani. Huyo ndiye mama mkwe. Alikuwa ameishi na mkwewe tangu mwanawe mkubwa afe, na akakataa mara tatu kuhamia kwa mwanawe mdogo, ng'ambo ya ukuta, kwa sababu, alisema, kule hakuna nafasi ya mtu wa pili kuongea.

"Mimi nilizaa wanaume wawili," alisema bibi taratibu. "Mmoja alinoa visu, mmoja ananoa mdomo. Wewe mwanangu, toa viwiko kwenye ukuta wa watu. Na wewe mkwe, chukua chai. Nimeweka sukari ya mlimani."

Sukari ya mlimani ilikuwa mara tatu ya ile ya kawaida.

Mama Cheche akalifunika jiwe kwa gunia, akalifunga gunia kwenye fremu kwa kamba, akabana tochi kwenye usukani kwa mpira wa gurudumu uliokatwa, akaweka chai na nusu mkate kwenye karia. Alipofika mwisho wa mtaa akapiga kengele mara moja, kwa ajili ya ukuta.

*

Mzee wa kizuizi alikuwa mtu wa sheria. Alisoma kibao chake kwa tochi, kisha akammulika Mama Cheche, kisha akarudia kusoma kibao.

"Magari yote," alisoma. "Hii ina jiwe."

"Jiwe si gari, baba."

"Ina mkanda. Ina gurudumu. Ni mtambo."

"Cherehani ina mkanda na gurudumu. Ungeizuia cherehani?"

Mzee akafikiri. Inaonekana katika kazi yake hakuwahi kuulizwa kuhusu cherehani. Akasema basi apite, ila yeye hajamwona, na kama atateleza asiteleze karibu na kizuizi.

Kona zilikuwa na nguzo nyeupe zenye namba. Ya kwanza aliikata akiwa juu ya tandiko, mgongo umenyooka, kama mtu anayepigwa picha. Ya pili pia. Akapiga kengele katika kila moja, mara moja, na mlio ukashuka bondeni ukamtafuta Jenereta popote alipo. Hiyo ilikuwa namna yake ya kuendeleza ugomvi. Kona ya tatu akapanda amesimama kwenye pedali, anayumba kulia na kushoto. Katikati ya ile ya nne baiskeli ikasimama yenyewe, kwa heshima kabisa, kama punda aliyefikiria akafikia uamuzi.

Akashuka, akaingia upande wa kushoto, akasukuma. Hakuna aliyesema asisukume. Mpishi alisema anataka mtu mlangoni. Hakusema mtu huyo awe amekaa.

Lakini uzito ule. Alijua mlima ni mlima, hakuwa mtoto. Ila huu ulikuwa unamvuta kwa nyuma kama mtu ameshika karia na kuvuta. Kila hatua ilidai malipo. Alipopanda tena kwenye tambarare fupi baada ya kona ya saba, hata pale pedali zilikuwa zinakataa. Akajaribu kulaumu upepo wa gurudumu. Akaubonyeza kwa kidole, ukawa mgumu kama tofali. Akalaumu mkate. Akakaa juu ya jiwe la pembeni akaula wote, na baiskeli haikuwa nyepesi.

Na masikio yalianza kuvuma. Kila alipotembea alisikia mvumo, chini chini, wa kudumu, akisimama, unanyamaza. Damu, alisema moyoni. Ndivyo wazee wanavyoanza. Hamsini na nne si mchezo, Jenereta anaweza kuwa na mdomo lakini kuhesabu anajua. Mawazo hayo yalimkasirisha kuliko mlima wenyewe. Akasukuma kwa hasira kona mbili mfululizo bila kupumzika, na hasira, kama anavyojua mtu yeyote aliyeachwa au kuibiwa, inapanda mlima vizuri kuliko chai.

Njiani alianza kulinoa neno. Lilikuwa neno la kumwambia Jenereta asubuhi, atakapofika na pikapu yake akamkuta kakaa. Kona ya tisa lilikuwa refu mno, lina wazazi ndani yake. Kona ya kumi na moja akalipunguza. Kufikia ya kumi na tatu lilikuwa fupi, jembamba, linapita katikati ya mbavu bila mtu kusikia: *Shemeji, afadhali umekuja. Nishikie ndoo.*

Akalirudia kwa sauti, akacheka peke yake gizani.

*

Kona ya kumi na nne ndipo ukingo ulipoporomoka. Kulikuwa na rundo la kokoto, tingatinga limelala, na mlinzi wa vifaa kajikunyata karibu na pipa lililowashwa moto ndani. Alipomwona mwanamke anatokea gizani na baiskeli yenye kitu kimefunikwa gunia, alisimama.

"Mama," akasema, "umebeba mzinga?"

"Mzinga gani?"

"Wa nyuki. Nimekusikia tangu kona ya chini. Nikasema huyu anahamisha nyuki usiku, si mjinga, usiku hawaumi."

Mama Cheche akasimama. Mvumo ukanyamaza. Akaisogeza baiskeli hatua moja. Mvumo. Akaisimamisha.

Aliizunguka baiskeli hadi upande wa kulia, upande ambao tangu aanze kusukuma hakuwa ameutazama, akamulika. Mkanda wa ngozi ulikuwa mahali pake, umekaza vizuri, kutoka kwenye gurudumu hadi chini ya gunia. Akaisogeza tena. Gunia likatetemeka. Chini yake jiwe lilikuwa likizunguka, la kutosha kunoa panga.

Alikaa chini pale pale barabarani.

Marehemu alikuwa na sheria moja tu kuhusu baiskeli ile: mkanda shingoni kabla ya mguu kwenye pedali. Enzi zake, alipokuwa akizunguka mji hadi mji, aliuvaa mkanda kama skafu, na watoto walimtambua kwa huo. Lakini Mama Cheche hakuwahi kuzunguka. Alipoachiwa baiskeli aliitega mbele ya geti lake, jioni akaisukuma hatua thelathini hadi uani, asubuhi hatua thelathini kurudi, miaka kumi na tisa. Kwa hatua thelathini nani ahangaike na mkanda? Aliuacha. Mwishowe hata hakuuona tena, kama mtu asivyoiona pua yake.

Kwa hiyo alikuwa amepanda nusu ya mlima akinoa hewa. Na kilichomuuma zaidi ni kwamba Jenereta, wa watu wote, alikuwa amesema kweli. Hakuwa amefika hata dukani.

"Mama, unalia?" mlinzi akauliza.

Alikuwa anacheka. Ilianzia tumboni ikapanda hadi mabegani, kicheko cha kukosa aibu, hadi mlinzi naye akaambukizwa bila kujua anachekea nini. Alipoelezwa, akacheka upya, safari hii akijua.

Kisha akasema maneno ya busara, na hayo ndiyo yalikuwa ya hatari. "Pumzika basi. Moto upo, turubai lipo. Saa kumi na mbili magari yanapita hapa. La kwanza nitalisimamisha likubebe na nyuki wako."

Mama Cheche akautazama moto. Ilikuwa saa sita na robo, kona zilizobaki ni kumi na saba, na turubai lilikuwa limetandikwa vizuri, hata limekunjwa upande wa kichwani.

"La kwanza litakuwa pikapu ya bluu," alisema.

"Unaijua?"

"Nimekuja huku kwa sababu yake."

Akasimama. Akauchomoa mkanda, akaufuta vumbi, akauzungusha shingoni mara mbili. Ulikuwa na joto. Akammiminia mlinzi kikombe cha chai ya bibi. Mlinzi akanywa funda moja, akafumba jicho moja, akauliza nani kaweka sukari hii.

"Mtu aliyejua nitakupita," akasema Mama Cheche.

*

Baiskeli ilikuwa kama imepungua mwili. Kona ya kumi na tano alipanda juu yake akaikata yote, na ya kumi na sita nusu. Asikudanganye mtu kwamba mlima ulilainika. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, lakini mkono wa mhunzi bado unauma. Miguu ilikuwa imeshatumika kwa kazi mbili, na ukungu ulishuka kuanzia kona ya ishirini, ukungu mzito hadi tochi ikawa inamulika tochi. Alisukuma akihesabu hatua kwa mafungu ya thelathini. Thelathini, geti hadi uani. Anapumua. Thelathini, uani hadi getini. Umbali aliouzoea. Kama mtu angemwambia mapema kwamba mlima mzima ni kutoka getini hadi uani mara nyingi sana, asingeogopa hata kidogo.

Kona ya ishirini na tatu ukungu ulipasuka kidogo, akaona chini. Mbali kabisa, palipo na kizuizi, taa mbili ndogo za gari ziliwaka, zikakaa, zikazima. Mtu kasikia baridi, kawasha injini apate joto. Wa kwanza kwenye foleni.

Akapiga kengele. Huku juu haikuwa na maana tena, isingeweza kufika, lakini aliipiga mara tano, akasubiri kidogo, akaongeza moja.

Kona ya ishirini na nane aliteleza, goti likagusa lami. Akasimama, akaitukana barabara kwa matusi ya heshima, yale ambayo mama mkwe angeyakubali. Kona ya thelathini hakuikumbuka baadaye. Ya thelathini na moja aliikumbuka vizuri, kwa sababu alipanda kwenye tandiko kwa makusudi. Alisema ataingia pale akiwa amekaa, na akaingia amekaa, kwa mwendo ambao konokono angeweza kusalimia njiani.

Mlango wa jiko ulikuwa wa chuma, rangi ya kijivu. Chini yake hakukuwa na mwanga. Akaegemeza baiskeli ukutani, akaketi kwenye ngazi. Saa kumi na nusu na dakika chache. Alikuwa mtu, na alikuwa mlangoni.

*

Mpishi mkuu alikuwa mwanamke mfupi mwenye rundo la funguo kiunoni na uso wa mtu asiyeshangazwa na kitu kabla ya kunywa chai. Alifungua, akatazama ngazini, akatazama barabarani kama kuna gari, hakuliona.

"Umepanda na nini?"

"Na hiyo."

Aliitazama hiyo, matope hadi kwenye mhimili. Hakusema pole, hakusema hongera. Aliingia ndani akarudi na kisu kimoja kikubwa, makali yake yamekunjwa kama mdomo wa mzee asiye na meno. "Hiki kwanza."

Ni hapo Mama Cheche alipokumbuka jambo ambalo usiku kucha hakulifikiria hata mara moja. Kufika haikuwa kazi. Kazi ni kupiga pedali.

Akaitega baiskeli kwenye stendi. Akatoa mkanda shingoni akauvisha. Akainua mguu wa kulia kupanda, mguu ukainuka hadi katikati ukakataa. Akaushika kwa mikono miwili akauweka upande wa pili kama mzigo wa mtu mwingine. Alipobonyeza pedali, wayo ukateleza.

"Nitafute mwingine?" mpishi akauliza. Hakuuliza kwa ubaya.

"Mwingine yuko chini kwenye kizuizi, amelala. Subiri jiwe lizunguke."

Akaweka wayo tena, akasukuma goti kwa kiganja. Pedali ikashuka. Jiwe likazunguka, polepole, kisha kwa mvumo, na ule mvumo alioupandisha kona kumi na nne akiudhani uzee ukajaa ndani ya ua. Naye akahisi kitu cha ajabu: lilikuwa jepesi. Usiku miguu hii iliuzungusha mzigo huu huku imebeba na mlima. Sasa iliondolewa mlima, ikaachiwa jiwe tu, na jiwe peke yake lilikuwa mzaha. Cheche zikaruka.

Mpishi alichukua kisu, akachukua nyanya iliyoiva sana, ya kutupwa, akaipasua bila kuibonyeza. Vipande viwili vikakaa bila kutoa machozi. Akaitazama kwa muda mrefu kuliko alivyomtazama mwenye kunoa.

"Viko arobaini na kimoja," alisema. "Na wa jikoni hawali mlangoni. Ile meza ya ndani, karibu na jiko, ndipo watakapokuwekea. Leo, na kila ukija. Wewe na mgeni wako kama unaye."

*

Pikapu ya bluu ilifika saa moja kasoro. Kufikia hapo visu kumi na tisa vilikuwa vimelala kwenye kitambaa, na Mama Cheche ameingizwa ndani na baiskeli yake, kwenye baraza pana la jiko, joto la masufuria mgongoni. Jenereta alikuja na tabasamu lake, akiita hodi kwa sauti ya kuamsha chuo, na tabasamu likafika mlangoni likamtangulia kufa.

Alisimama kwenye kizingiti. Shingo yake ilikuwa imepinda upande, ya mtu aliyelala kwenye usukani. Alitazama jiwe linazunguka, akatazama matope, akatazama goti la shemeji yake lililochubuka.

"Umepanda lori," alisema hatimaye.

"Lori lipi, na wewe ndiye ulikuwa wa kwanza kwenye kizuizi?"

Akajikanda shingo. Haikuwa rahisi kulikwepa hilo, maana bampa yake ilikuwa imegusa kizuizi tangu saa tatu usiku.

"Nilisikia kengele," akasema, sauti imeshuka hadi pale ambapo mtaa haujawahi kuisikia. "Mara ya kwanza, ya pili. Nikasema ni usingizi."

"Hukuwa umelala."

"Sikuwa nimelala."

Mpishi alipita na sinia la mikate, akasimama. "Huyu nani?"

"Shemeji yangu. Jirani."

"Naye ananoa?"

Neno lilikuwepo, limenolewa kuanzia kona ya tisa hadi ya kumi na tatu, jembamba, tayari. Ndoo ya maji ya kupozea aliyoazimwa jikoni ilikuwepo pia, kando ya pedali, imebaki robo. Jenereta aliiona. Mama Cheche aliona kwamba ameiona, na kwamba anasubiri, na kwa mara ya kwanza tangu amjue, amesubiri akiwa kimya.

"Ananoa," akamjibu mpishi. "Ila visu huwa vinaisha."

Mpishi akacheka kwa pua akapita. Mama Cheche akaacha pedali zijizungushe zenyewe hadi jiwe likasimama. Akautoa mkanda, kwanza, kabla ya kushuka, akauvaa shingoni. Kisha akashuka kwa kujishika ukutani, akachechemea hadi kwenye meza iliyokuwa na chai, mayai na mkate wa moto, akavuta kiti kimoja, halafu akavuta cha pili.

"Ingia ule, shemeji," alisema. "Viatu uviache nje. Hapa ni kazini kwangu."